Kabla ya Kupaa, Piga Magoti



Leo naomba twende baharini. Ninyi mnaoishi au kufanya kazi pwani, iwe Paje na Jambiani kule Unguja au Diani kwa ndugu zetu wa Kenya, huenda mmeshawaona watu hawa. Mtu amesimama juu ya ubao, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa hewa, na ule ubao haugusi maji. Unakwenda juu ya mawimbi, kimya kabisa, bila injini. Mchezo wenyewe unaitwa wingifoili. Ni mgeni bado, umeanza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 2010.

Mwaka huu wa kichungaji nimetumwa parokia ya pwani, na kijana mmoja wa kwaya yetu ni msaidizi kwenye shule ya michezo ya upepo. Amenifundisha jioni kadhaa. Siandiki ili kila mmoja akanunue vifaa, maana kiukweli bei yake si ya mchezo. Naandika kwa sababu ya kijana mwingine. Wiki chache baada ya Kipaimara aliniambia: "Frateri, tuliambiwa tutapokea nguvu. Nimewekewa mikono, nimepakwa krisma, mbona najiona yuleyule? Labda hii kitu si ya watu kama mimi." Baada ya hapo, Jumapili mbili sikumwona kanisani. Najua hayuko peke yake, na huenda wewe unayesoma hapa unamwelewa vizuri kuliko mimi.

Basi tuone anayeanza anafundishwa nini.

Somo la kwanza halina ubao kabisa. Unasimama mchangani na bawa lako, unajifunza upepo. Unatoka wapi? Una nguvu kiasi gani? Ukiinua mkono huu bawa linafanya nini? Wengine wanachoka mapema, wanataka maji. Lakini mtu asiyeujua upepo hata akipewa ubao wa dhahabu hatafika popote. Na jambo moja linakuwa wazi hapo hapo: upepo si wako. Huutengenezi wala huuagizi. Kazi yako ni kuwa tayari unapokuja. Ndivyo Yesu alivyomfundisha Nikodemo usiku ule (Yoh 3), akitumia upepo kumweleza kazi ya Roho. Katika Kiebrania na Kigiriki cha Biblia, neno la Roho ndilo pia la upepo na pumzi. Siku ya Kipaimara hukupewa injini ya kuwasha unapotaka. Ulipewa Roho mwenyewe, na Yeye haongozwi kwa rimoti.

Somo la pili: magoti. Anayeanza hupewa ubao mkubwa. Kwa kawaida huchukuliwa uzito wa mwili wake kwa kilo, kisha huongezwa 30 au 40, na hiyo ndiyo ujazo wa ubao kwa lita. Mwenye kilo 65 atapewa ubao wa lita 100 hivi. Halafu haambiwi simama. Anaambiwa piga magoti katikati ya ubao, shika bawa, upepo uwe ubavuni, nenda taratibu. Akishaweza kutulia magotini ndipo anainua mguu mmoja, kisha wa pili. Anayeruka hatua hii anakunywa maji ya chumvi.

Jamani, wangapi tunataka kuruka magoti? Tunaona ushuhuda wa mtu mtandaoni, analia kwa furaha ya sala, nasi tunataka kufika pale Ijumaa hii hii. Lakini yeye amepiga magoti miaka mingapi bila kamera? Aristotle, katika kitabu chake cha Maadili, anaeleza kwamba mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki. Hata sala inajifunzwa kwa kusali, na mwanzo wake ni mdogo: dakika tano, kichwa kinazunguka, hakuna machozi wala moto. Usidharau hizo dakika tano.

Somo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Ukitazama kutoka ufukweni utadhani bawa ndilo linalouinua ubao. Hapana. Bawa linavuta. Kinachoinua kiko chini ya maji, hukioni: ni foili, mlingoti unaoshuka kutoka chini ya ubao, na mwisho wake kuna bawa dogo gumu kama la ndege. Maji yana uzito karibu mara 800 ya hewa, ndiyo maana bawa dogo hivyo linaweza kumbeba mtu mzima. Lakini linahitaji mwendo. Ukienda taratibu, ubao unaburuza tu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua inaongezeka mara nne. Kwa hiyo unaburuza, unaburuza, mikono inauma, hakuna dalili yoyote, halafu ghafla kelele za maji zinakatika, na uko juu.

Hapo nilimkumbuka yule kijana. Anajipima kwa anachokiona juu ya maji. Lakini Ubatizo wake, Kipaimara chake, Ekaristi anayopokea, hivyo viko chini, visikoonekana, na ndivyo vinavyobeba. Yesu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kazi yake hadharani (Lk 3:23). Sehemu kubwa ya maisha yake duniani ilipita Nazareti, bila umati, bila muujiza wa kusimuliwa. Nani kati yetu angesema miaka ile ilikuwa bure? Anayeacha wakati wa kuburuza haachi kwa sababu foili haipo. Anaacha kabla mwendo haujatosha. Na hata hapo tusijidanganye kwamba mikono yetu ndiyo iliyotuinua, maana bila upepo tungekuwa palepale. Neema inatangulia, sisi tunashirikiana nayo.

Somo la nne: macho. Ukitazama miguu yako, unaanguka. Unaambiwa tazama mbele, unakokwenda. Petro alitembea juu ya maji akimtazama Bwana, na alipouangalia upepo mkali akaanza kuzama (Mt 14). Na kuanguka utaanguka tu. Ndiyo maana unavaa kofia ngumu na jaketi la kuelea, unafungwa kamba ya ubao na kamba ya bawa, na unafundishwa kujirusha mbali na foili, maana ina makali. Kisha unaupandia ubao tena, na unaanzia wapi? Magotini. Sisi tuna Kitubio. Petro hakutoa hotuba pale majini, alilia aokolewe, na mkono ulikuwa karibu.

Somo la tano ni la usalama. Mwanafunzi haingii maji upepo unapovuma kutoka nchi kavu kwenda bahari kuu, hata uwe mtamu namna gani, kwa sababu utamchukua mbali asiweze kurudi. Haendi peke yake. Na pale Paje maji yakipwa, foili itagonga chini, kwa hiyo anasubiri yajae. Vijana, si kila upepo ni wa Roho Mtakatifu. Mtume Yohane anatuonya tuzipime roho (1 Yoh 4:1). Kipimo kimoja ni hiki: msukumo huu unanipeleka wapi? Ukinitenga na Misa, na familia, na marafiki wanaoweza kuniambia ukweli, huo ni upepo wa kunitoa ufukweni, hata kama unanipa raha ya haraka.

Mwisho, manahodha wetu wa ngalawa wakitaka kwenda upande upepo unakotoka, hawawezi kunyoosha moja kwa moja. Wanakata huku, wanakata kule, wanasogea kidogo kidogo. Wenyewe huita kubisha. Ni neno lile lile tunalolitumia mlangoni, kubisha hodi, na Yesu ametuahidi kwamba abishaye atafunguliwa (Mt 7). Kwa hiyo, kama sala yako mwezi huu inakwenda upande upande, huenda unabisha. Endelea.

Wiki hii tufanye mambo matatu tu: dakika tano za magoti kila siku, saa ile ile, Kitubio kwa aliyekaa muda mrefu, na kila mmoja ampigie simu mwenzake mmoja ambaye hajaonekana kanisani. Usimhubirie. Mwambie umemkumbuka, na Jumapili mtakaa benchi moja. Mimi nimeshampigia wangu. Amesema ataangalia ratiba ya kazi. Mwombeeni.

Njoo, Roho Mtakatifu. Tukute magotini, utuinue saa unayoipenda wewe. Amina.