Je, Damu Ni Shahidi wa Undugu?



Jirani yetu mmoja alitujia jioni, uso umemshuka kama mtu aliyetoka matangani. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amelazwa kwa malaria, amepungukiwa damu mno. Baba alikuwa amekunja mkono wa shati na kusema, "Toeni yangu." Akapimwa, akaambiwa yake ni kundi B, ya mtoto ni O, haifai. Mama naye akapimwa, akaonekana ni A, akakataliwa vilevile. Mtoto akatiwa damu ya mtu wasiyemjua, naye akaanza kupata nafuu.

Tulidhani amekuja kutupa habari njema. Kumbe sivyo. "Mwalimu," alisema, "mimi ni B, mama yake ni A. Hiyo O imetoka nyumba gani?"

Sisi tuliokaa darasani miaka mingi twajua kwamba swali la namna hii halijibiwi kwa kumwambia mtu atulie. Tulimweleza kwanza kwa nini damu yake ilikataliwa. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna, baada ya kuchanganya damu yake na za wenzake wa maabara, alionyesha kwamba damu za watu wenye afya njema zaweza kugombana. Chembe nyekundu za damu hubeba alama: nyingine A, nyingine B, nyingine zote mbili, na za O hazina hata moja kati ya hizo. Katika maji ya damu wamo askari, yaani kingamwili, ambao huipinga alama isiyo ya kwao. Mtoto wa kundi O anao askari wa kuipinga A na wa kuipinga B. Huwapata angali mchanga, hata kama hajapata kutiwa damu. Lau wangemtia damu ya baba yake, askari hao wangezishambulia chembe zile na kuzipasua, figo zikaharibika, na pengine mtoto angekufa. Mapenzi ya baba hayawazuii askari hao.

Kisha tukachukua vipande vinne vya karatasi. Kila mzazi hubeba herufi mbili, humpa mtoto moja. O ni mpole: ikikaa pamoja na A au B hujificha, wala kipimo cha kawaida hakiioni. Tukaandika A na O kwa mama, B na O kwa baba, tukavikunja, tukamwambia aokote kimoja kila upande. Mara ya kwanza alipata A na B. Akarudia, akapata B na O. Mara ya tano akafungua O na O, akavitazama kwa muda mrefu. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuwa O.

"Kumbe," alisema. Tukadhani neno limekwisha.

Lakini alikuwa amekwisha kumwambia mkewe, kando ya kitanda cha mtoto, neno tusiloweza kuliandika hapa. Karatasi zetu hazikulifuta. Tulilijua hilo siku ya pili mama mwenyewe alipokuja. Alitusalimu, akaketi, akauliza, "Mwalimu, na kama karatasi zingekataa, ungemwambia?"

Lilikuwa swali la haki, maana yako makundi yanayokataa. Mzazi mwenye AB hupata mtoto wa O kwa nadra sana, na mtu aweza kuitumia hesabu hiyo kama panga. Tulimjibu kwamba tusingemdanganya mumewe. Lakini pia tusingeifungua hesabu ile kabla ya kumwuliza kama yu tayari kuishi na jibu, na kama mkewe anajua kwamba anahukumiwa. Maabara ile ilitafuta damu ya kumwokoa mtoto, haikuitwa kuamua ndoa ya watu; na kipimo kimoja cha kundi, ambacho hata mwandishi aliyechoka aweza kukikosea, si hukumu. Anayetaka kweli kujua uzazi kuna vipimo vya vinasaba, vyenye sheria na utaratibu wake.

Tukaongeza neno ambalo mpaka sasa hatuna hakika kama lilifaa. Tulisema kwamba mwanamume aliyemlea mtoto miaka mitatu, akamkesha na kumbeba mgongoni hadi hospitali, amekwisha kuwa baba kwa kiasi ambacho herufi haziwezi kukipunguza. Mama akatutazama. "Hayo mwambie yeye," akasema. "Mimi sikuwa na shaka." Alikuwa na haki. Tulimfariji kwa kosa lisilokuwepo, kana kwamba lilikuwepo.

Mtoto alitoka hospitali wiki ile. Wazazi wake wangali pamoja, ingawa mama hakukaa upande ule wa nyumba kwa muda. Siku ile, kabla ya kuondoka kwetu, aliuliza ziko wapi zile karatasi. Zilikuwa bado mezani. Alizikusanya zote nne, akazifunga katika pindo la khanga yake, akaenda zake. Hatukumwuliza alizitakia nini.