Ufa Wenye Wenyewe Wawili

Methali isemayo kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta yamkini ilitungwa na watu waliokaa katika nyumba zao wenyewe. Aliyeuona ufa ndiye aliyekuwa na ukuta, tena ndiye aliyekuwa na udongo wa kuuziba. Katika nyumba ya kupanga watu hawa ni wawili: mmoja ana macho, mwingine ana mali. Hapo methali hunyamaza na ugomvi huanza.

Chukuliwe mfano. Mkazi wa Gangilonga, Iringa, ana nyumba ya vyumba vya kupangisha Mwanjelwa, Mbeya. Hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya Tanzania, na baina yake na nyumba hiyo pana Mafinga, Makambako na safari ya saa nyingi. Mwezi wa Juni, baridi ya nyanda za juu ikiwa kali, mpangaji aona doa la unyevu ukutani, mahali bomba lilipofukiwa chini ya plasta. Hasemi. Mwezi wa Agosti bomba lapasuka usiku, na maji yaingia chumba cha pili, yakaharibu godoro na gunia la mahindi la mtu ambaye hakuliona doa wala hana ukuta. Mita nayo imehesabu maji ambayo hakuna aliyeyanywa.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Namba 4 ya mwaka 1999, yagawa wajibu wa pande mbili katika vifungu vya 88 na 89. Mwenye nyumba hudaiwa chumba kinachofaa kukaliwa na binadamu, tangu siku ya kwanza ya upangaji hata mwisho wake. Mpangaji hudaiwa kodi na utunzaji, wala hatozwi uchakavu wa kawaida. Ni mgawanyo wa haki. Koki iliyovunjwa na mtoto wa mpangaji ni juu ya mpangaji. Bomba lililoliwa na kutu ni juu ya mwenye nyumba. Lakini miezi miwili ya ukimya ni juu ya nani?

Warumi walilikaribia swali hili kwa njia ya mitungi. Ulpianus, mwanasheria wa karne ya 3, ambaye maneno yake yalihifadhiwa katika Digesta ya mwaka 533, alishika kwamba mtu akikodisha mitungi mibovu bila kuujua ubovu wake, na divai ikavuja, hana budi kulipa hasara, kutojua hakumwokoi. Aliyekodisha malisho yenye majani ya sumu, naye hakujua, hupoteza kodi tu. Majani huota yenyewe. Mtungi hufinyangwa, na anayeutoa kwa ujira huutolea dhamana. Bomba ni ndugu wa mtungi. Basi mkazi wa Gangilonga hawezi kujikinga kwa umbali wa Iringa.

Na mpangaji je? Kuuvunja ukuta hakukuwa haki yake, lakini neno lilikuwa lake, na siku hizi neno hufika Iringa kwa simu kabla chai haijapoa. Hasara ya bomba ilianza bila yeye. Hasara iliyozidi baada ya doa kuonekana ina mkono wake. Hata hivyo ukimya nao una asili. Pengine mwaka uliopita alitaja koki inayovuja, akajibiwa kwamba kama nyumba haimfai ahame, na kodi ikapanda. Ikiwa ndivyo, ukimya ule ulinunuliwa na mwenye nyumba mwenyewe, naye hana haki ya kumtoza mwingine bei yake. Ikiwa ulikuwa uvivu tu, mpangaji na achangie.

Hofu, lakini, hupunguza deni la mpangaji kwa mwenye nyumba. Haipunguzi deni lake kwa jirani, ambaye hakuwahi kumtisha. Ukuta ulikuwa mmoja, na kugonga mlango wa pili hakukuhitaji ruhusa ya Iringa. Mwenye nyumba na amlipe jirani kwanza, kisha yeye na mpangaji wahesabiane tangu Juni. Gunia lingeweza kusogezwa kwa dakika moja.