Lebo ya Betri Nayo ni Kipimo

Mkulima wa tumbaku hapa Katavi akipunjwa kilo moja kwenye mizani, hulalamika, na ana haki. Wakala wa Vipimo upo kwa ajili hiyo. Mrina asali wa Ugalla naye hakubali ndoo yake ikadiriwe kwa macho. Basi nawauliza ninyi mafundi na wauza tochi, wanangu: mbona betri mnawauzia watu hao hao bila kuzipima?

Nazungumzia betri za lithiamu za mviringo, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Ndizo zilizomo kwenye tochi nyingi za kuchaji na redio ndogo. Baadhi hutolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, zikavishwa nailoni mpya inayong'aa, kisha zikaandikwa miliampea-saa 9900. Hata zilizo bora kabisa za umbo hilo hazifiki nusu ya hapo. Anayeuza huku akijua amepunja, sawasawa na aliyechezea mizani.

Tena huyu anaumiza zaidi. Mrina asali hufanya kazi usiku, juu ya mti, nyuki wamemzunguka. Tochi ikimzimikia pale, hana wa kumlalamikia.

Kisha kuna hatari ya moto. Betri hii ikijaa ina volti 4.2, na haitakiwi kuzidishwa hata kidogo. Fundi anayeng'oa saketi ya ulinzi na kuiunga betri moja kwa moja kwenye paneli ya sola ya volti 6 "ili iwahi kujaa" ameondoa kitu pekee ambacho kingekata umeme. Wavutaji wa sigara za mvuke zisizo na saketi wanalijua hili: koili ya omu 0.2 huvuta ampea 21 kutoka kwenye betri iliyojaa, na betri iliyotengenezwa kutoa ampea 10 huchemka mkononi. Kifaa cha namna hiyo hakimkatalii mtu. Anayeweza kukataa ni yule aliyekiunga na yule aliyekiuza, kwa hiyo dhamana ni yenu.

Mkiiangalia betri kwa karibu mtaona mwili wake wote wa bati ni upande hasi. Kichwa chanya kimetengwa kwa pete nyembamba tu na ile nailoni. Nailoni ikichanika, sarafu au funguo mfukoni zinatosha kuunganisha pande hizo mbili, na suruali ikaungua ikiwa mwilini. Kubadilisha nailoni ni kazi ya dakika chache. Msiirudishe betri kwa mwenyewe kabla ya kuifanya.

Iliyoshuka chini ya volti 2 kwa muda mrefu msiifufue. Iliyotumika mwambieni mteja kuwa imetumika, na mwandike juu yake kwa kalamu ya wino namba mliyoipima kwa mita. Nanyi wazee mnaomtuma mtoto dukani alete "yoyote ya bei ndogo", mnamsukuma fundi kwenye uongo, acheni.

Mteja akiondoka kwenda kwa jirani kwa sababu umemwambia ukweli, mwache aende. Akirudi na tochi imezima, mpimie betri yake mbele ya macho yake, umwonyeshe namba kwenye mita, wala usimsimange.