Vazi la Mwindaji na Mpaka wa Hila

Vazi la kujificha humfanya mwindaji afanane na majani, magome na vivuli hadi mnyama ashindwe kumtambua. Kulichagua ni kazi ya ufundi, lakini ufundi huo umebeba swali la maadili: je, kujificha ili kuua ni uongo? Swali hili linaigusa Malava, katika Kaunti ya Kakamega, ambako kipande cha msitu wa asili kimebaki kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, kikiwa kimezungukwa na makazi na mashamba ya miwa na mahindi.

Ufundi wa vazi huanzia kwenye macho ya mnyama. Paa na funo, sawa na wanyama wengi wenye kwato, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini buluu wanaiona barabara. Kwa sababu hiyo nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya unga yenye viambato vya kung'arisha, ambavyo huongeza mng'ao wa buluu, yaweza kumfichua mwindaji zaidi kuliko shati jekundu. Mbega na kima huona rangi karibu kama binadamu. Ndege wengi huona hata mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa jicho la mtu. Rangi peke yake, basi, haitoshi. Mabaka makubwa huvunja umbo la kichwa na mabega, umbo ambalo mnyama hulitambua mapema. Kitambaa kisichochakarika kikigusa matawi ni bora kuliko kilicho kikavu na kigumu. Hata hivyo hakuna vazi linaloficha mwendo wa ghafla, wala harufu iliyochukuliwa na upepo.

Maumbile yenyewe yamejaa hila za namna hii. Kinyonga hungoja nzi akiwa kama sehemu ya tawi, na chui huvizia akiwa amefichwa na madoa yake. Mwaka 1940 mwanazoolojia Mwingereza Hugh Cott alichapisha kitabu kizima juu ya rangi za wanyama na namna zinavyowaficha wawindaji na wawindwaji. Hakuna anayemshtaki chui kwa uongo. Binadamu, hata hivyo, huulizwa, kwa kuwa yeye ana neno, ahadi na dhamiri.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijadili jambo hili alipouliza kama kuvizia vitani ni halali. Alitenga mambo mawili: kumwambia mtu uongo au kuvunja ahadi aliyopewa, na kutomfunulia nia. La kwanza ni haramu hata kwa adui. La pili si lazima liwe dhambi. Kipimo hicho kikiletwa msituni, mwindaji aliyejibanza nyuma ya kichaka hajamwahidi funo chochote, na funo hajaweka imani yake kwake. Amenyamaza tu kwa mwili wake. Kujificha mbele ya mnyama, basi, si uongo.

Lakini kutokuwa mwongo hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Mwanafalsafa Mhispania José Ortega y Gasset, katika tafakuri yake juu ya uwindaji ya mwaka 1942, alishikilia kwamba mwindaji wa kweli huupunguza uwezo wake kwa hiari ili mnyama abaki na nafasi ya kuponyoka. Nafasi hiyo ikiondoka, kinachobaki ni mauaji. Hapo ndipo Malava inapotoa jibu gumu. Mnyama wa msitu mpana akishtuka hutokomea ndani zaidi. Mnyama wa msitu mdogo akikimbia hutokea barabarani au shambani mwa mtu. Kadiri msitu unavyopungua, ndivyo vazi la kujificha linavyozidi kuwa dhuluma.

Maandiko ya dini nayo yamelitazama vazi pamoja na mawindo. Katika kitabu cha Mwanzo, Esau mwindaji huenda porini kumtafutia baba yake mawindo, na nyuma yake Yakobo huvikwa ngozi za mbuzi ili Isaka kipofu amdhanie kuwa ndiye Esau. Ngozi ile haikumnasa mnyama. Ilimnasa baba aliyemwamini mwanawe. Katika Uislamu, uwindaji ni halali kwa masharti, kama kutaja jina la Mungu, lakini Sura ya Al-Maida katika Kurani inamkataza aliye katika ihramu, yaani hali takatifu ya anayehiji, kuua mawindo ya nchi kavu. Mwanamume aliyevaa shuka mbili zisizoshonwa za ihramu hajifichi mbele ya kiumbe chochote, na kiumbe cha porini kina amani naye. Marafiki, yaani Wakristo wa madhehebu ya Quaker, waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902 na kuenea katika nchi ya Waluhya, hufundisha kwamba neno la mtu liwe kweli hata bila kiapo. Kwa mafundisho haya, kosa la hila hupimwa kwa imani iliyovunjwa.

Imani ya jirani ndiyo inayovunjwa na mwindaji wa siri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza. Tena raia haruhusiwi kuvaa sare za kijeshi, magwanda ya mabaka yakiwemo. Anayeingia msituni Malava amejificha ili aue hajifichi tena machoni pa paa pekee. Anajificha machoni pa askari wa msitu, na pia pa wanakijiji ambao msitu huo ni amana yao na ya watoto wao. 

Tofauti kati ya kujificha kwa mnyama na kujificha kwa binadamu inaonekana wazi katika majimbo mengi ya Marekani, ambako sheria humtaka mwindaji avae rangi ya machungwa inayong'aa. Kulungu haitofautishi vizuri na majani, lakini mwindaji mwenzake huiona kutoka mbali. Vazi moja humficha mtu kwa mnyama na kumweka wazi kwa binadamu.

Malava, ujuzi wa kujificha umebakiwa na matumizi yaliyo halali. Anayekwenda kumtazama mbega au hondohondo huvaa kahawia au kijani iliyofifia isiyo sare ya jeshi, huepuka nguo zinazong'aa, na hutembea polepole. Anajificha ili asiwashtue, msitu ukijua kuwa yumo kwa ruhusa, na akiondoka huwaacha wazima.