Mustang Ambayo McQueen Hakuipata

Desemba 1977, Steve McQueen alimwandikia barua mtu asiyemfahamu, mkazi wa New Jersey. McQueen alikuwa nyota mkubwa wa Hollywood, mwenye magari na pikipiki za kujaza ghala. Katika barua ile aliomba auziwe gari moja tu: Ford Mustang GT ya mwaka 1968, ya kijani kilichokolea, ile aliyoiendesha katika filamu ya Bullitt. Alijitolea hata kumtafutia mwenye gari Mustang nyingine badala yake. Hakujibiwa.

Miaka tisa kabla ya hapo gari hilohilo lilikuwa chini ya mikono yake. Filamu ilitengenezwa na kampuni yake mwenyewe, Solar Productions, na hakuna ambaye angemzuia kuondoka na ufunguo. Lakini kamera zilipozimwa, ile Mustang ilikuwa kitu gani? Mtumba uliokimbizwa kwenye vilima vya San Francisco, bodi limetobolewa na kuchomelewa vyuma vya kushikilia kamera. Mfanyakazi mmoja wa Warner Bros. akainunua, ikapita mikono mingine, na mwaka 1974 ikatangazwa katika jarida la Road & Track kwa dola 6,000.

Aliyeinunua, yuleyule wa New Jersey, hakuifanya pambo. Mkewe, mwalimu wa shule, alikuwa akiiendesha kwenda kazini. Klachi ilipokufa mwaka 1980, mwaka uleule aliofariki McQueen, gari likaegeshwa na kukaa hivyo kwa miongo kadhaa. Januari 2020 mtoto wa familia hiyo alilipeleka mnadani Kissimmee, Florida. Liliondoka kwa dola milioni 3.74.

Afrika Mashariki majuto ya aina hii huvaa sura ya Peugeot. Katika mazungumzo ya jioni hakosi mtu wa kukumbuka 404 ya marehemu baba yake: mkono wa gia ubavuni mwa usukani, na kwenye bampa la mbele tundu la kuingizia hendeli, maana betri ikilala gari lilizungushwa kwa mkono likawaka. Aina hiyo ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 aliuleta Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Ikafuata 504, iliyozinduliwa 1968, na ile yake ndefu yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya masafa marefu: abiria wamebanana, mizigo juu ya keria, dereva anaijua barabara ya Nakuru kwa kila shimo lake.

Ziko wapi leo? Nyingi zilifanya kazi mpaka zikafa. Zilitengenezwa 504 zaidi ya milioni 3 duniani, na kitu kilichojaa kila kona hakuna anayefikiria kukihifadhi. Miaka ya 1990 mitumba ya Japani ilipoanza kumiminika, Peugeot ikaonekana mzigo: spea za shida, mafuta inakunywa, mafundi wake wanazeeka. Ikauzwa kwa bei ya kutupa, au ikawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakataga humo.

Sasa vijana wa miaka ile wanauma vidole. Lakini hesabu zao ni za upande mmoja. Wanataja bei ya leo na kuiacha gharama ya miaka yote iliyopita katikati: banda la kuliweka, kutu ya hewa ya pwani inayotafuna sakafu, matairi yanayooza bila kutembea, kabureta inayoziba. Hata Mustang ya McQueen, ukiipigia hesabu ya riba juu ya riba kwa miaka 46, ongezeko lake ni wastani wa asilimia 15 hivi kwa mwaka. Ni pato zuri sana, ila bado hujatoa bima, gereji wala fundi. Na hilo ndilo gari lililopata bahati kuliko karibu Mustang zote duniani.

Na si Mustang wala Peugeot tu. Shule moja ya sekondari ya Victoria, Texas, ilipewa Ferrari 250 GTO ili wanafunzi wajifunzie ufundi. Mwaka 1972 ikaiuza kwa dola 6,500. Zilitengenezwa 36 hivi tu, na mwaka 2018 mwenzake mmoja aliuzwa kwa dola milioni 48.4. Walimu wale walikuwa wajinga? Hata kidogo. Shule haina kazi ya kulinda Ferrari, na aliyeinunua naye aliiacha juu ya trela, nje, jua na theluji, kwa miaka mingi huko Ohio. Hata mwenye mali hakuiona mali.

Kwa hiyo majuto haya si ya namna moja. McQueen alikuwa na haki ya kujuta: alikuwa na fedha na nafasi, na hakuna dhiki iliyomlazimisha kuliachia gari. Mzee wa Moshi aliyeuza 404 Januari ili watoto wasifukuzwe shule ni mtu mwingine kabisa. Cha kuchekesha, na kidogo cha kuudhi, ni kwamba anayelia leo mara nyingi ni mtoto yuleyule aliyelipiwa ada kwa fedha za gari hilo. Amelila gari, halafu anauliza limekwenda wapi.

Waliobaki na magari hayo wana sababu mpya ya kuyatazama upya. Tangu 2003 mashindano ya Safari Classic yameyarudisha barabarani magari ya zama zile, na Kenya kwa kawaida hairuhusu mtumba wenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Gari kuukuu likishasagwa, kulipata jingine ni kazi.

Kama Peugeot ya mzee bado iko uani, usimpigie simu mnunuzi wa chuma chakavu leo. Tafuta kwanza kadi ya gari. Mlete fundi wa zamani aitazame chasisi, ulizia bei kwa watu wawili watatu wanaoyajua magari hayo. Ukishajua bei halisi na bado ada ya mtoto inadaiwa, iuze.