Kimya Si Amani: Fundisho la Katwe

Wahenga walinena, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini ni mara chache tunapojiuliza: je, palipo kimya ndipo penye amani?

Tuitazame Katwe, mtaa wa Kampala ulio chini ya kilima cha Mengo, penye kasri ya Kabaka. Katika miaka ya 1940 ulikuwa mtaa wa mafundi, wachuuzi na wapiga chapa wa magazeti ya Kiganda. Yaliyonong'onwa vijijini yalisemwa hapo waziwazi. Tarehe 25 Aprili 1949 umati ulikusanyika Mengo kumwomba Kabaka Mutesa II kwamba wananchi wajichagulie machifu, na wakulima wachambue na kuuza pamba yao wenyewe. Polisi waliutawanya. Nyumba za machifu zikachomwa, watu wakafa. Chama cha Bataka na chama cha wakulima kilichoongozwa na Ignatius Musazi vikapigwa marufuku. Mitaa ikanyamaza.

Hatukusudii kuuhalalisha moto. Aliyechomewa nyumba alidhulumiwa, na kila serikali ina wajibu wa kulinda maisha na mali. Lakini mwaka 1952 serikali ile ile ya Waingereza ilitunga sheria iliyovifungulia vyama vya ushirika njia ya kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Ikiwa dai hilo lilistahili kukubaliwa mwaka 1952, kwa nini wenye kulidai walitawanywa mwaka 1949? Hapana budi tukiri kwamba askari anayelinda sheria isiyosikia hulinda kimya tu. Amani huja baada ya mnyonge kusikilizwa.

Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili latuhusu zaidi. Nchini Uganda lugha yetu ilikuwa lugha ya polisi na jeshi, na wengi waliijua kwanza kwa sauti ya amri. Wakiichukia, chuki hiyo haikuzuka bure. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda imeitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini heshima ya katiba haitoshi kufuta kumbukumbu. Itafutika pale mwanafunzi wa Katwe atakapoweza kulalamika kwa Kiswahili, naye mwenye mamlaka akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho, pasipo kumtaka anyamaze. Kazi hiyo huanzia darasani mwetu: je, wanafunzi wetu tunawaruhusu kutupinga?