Vazi la T'Challa Lirithiwe na Nani?

Mwigizaji afapo, je, yapasa afe pamoja naye yule mhusika aliyekuwa akimwigiza? Swali hili laweza kuonekana jepesi, la vijana wapenda sinema, wala si la kurasa zilizozoea vina na mizani. Lakini mwenye kulitazama vyema ataona kwamba linagusa jambo zito, nalo ni heshima tunayomwekea marehemu, na haki ya walio hai juu ya kile alichokiacha.

Chadwick Boseman, Mmarekani mweusi, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2016, akaificha. Mwaka huohuo ndipo alipotokea mara ya kwanza kama T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, katika filamu ya Captain America: Civil War. Basi hesabu mwenyewe, msomaji: mapigano tuliyomwona akiyapigana katika Black Panther ya 2018, na katika filamu mbili za Avengers zilizofuata, aliyapigana na ugonjwa ule ukiwa mwilini mwake. Watazamaji waliona fahari ya mfalme, na maumivu yakabaki siri yake na ya watu wake wa karibu.

Desemba 2020 kampuni ya Marvel, kwa kauli ya mkuu wake wa filamu, Kevin Feige, ilitangaza kwamba hatateuliwa mwigizaji mwingine kuwa T'Challa. Filamu ya pili, Wakanda Forever, ilitoka Novemba 2022. Ndani yake mfalme anakufa kwa maradhi yasiyotajwa jina, anasindikizwa na umati uliovaa nguo nyeupe (rangi ambayo sisi pia twaijua katika msiba), na vazi la chui linaishia kwa dada yake, Shuri. Wengi walilia. Uamuzi ule ulipokewa kuwa wa kiungwana, nami sithubutu kuubeza.

Hata hivyo, kampuni hiyohiyo ilifanya vingine kwa marehemu mwingine. William Hurt, aliyemwigiza Jenerali Ross kwa miaka mingi, alifariki Machi 2022. Nafasi yake akapewa Harrison Ford, na mwaka 2025 Ross akaonekana tena katika Captain America: Brave New World, na safari hii ni rais wa Marekani. Hapakuwa na mjadala wa maana. Heath Ledger naye alifariki Januari 2008, miezi michache kabla ya The Dark Knight kuonyeshwa. Mwaka 2019 Joaquin Phoenix akamwigiza Joker huyohuyo kwa namna yake, na wote wawili wakapata tuzo ya Oscar kwa mhusika mmoja. Superman wa Christopher Reeve, aliyefariki 2004, amekwisha kuvaliwa katika sinema na Brandon Routh, Henry Cavill na, tangu 2025, David Corenswet. Nani amesema kwamba kaburi la Reeve limekanyagwa?

Mtetezi wa uamuzi ule atajibu kwamba T'Challa si Ross, na jibu hilo lina uzito. Mfalme huyu aliumbwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, lakini katika kurasa za katuni hakuwa na sauti. Sauti alipewa na Boseman. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mfalme wa nchi isiyowahi kutawaliwa na wageni hawezi kusema kwa lafudhi ya Uingereza wala ya Marekani. Lugha ya Wakanda ikawa Kixhosa, kilichoingia kupitia kwa John Kani wa Afrika Kusini, aliyemwigiza baba yake. Mtu aliyempa mhusika ulimi amempa nusu ya uhai.

Lakini hoja hii, kwa maoni yangu, yaelekea upande mwingine. Kilichojengwa kwa taabu namna ile hakikujengwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nyimbo za Siti binti Saad hazikuzikwa naye mwaka 1950. Bi Kidude aliziimba mpaka alipofariki 2013, kwa koo lake mwenyewe, wala hakuna aliyedhani amemnyang'anya Siti chochote. Mhusika anayeweza kubadili mwili na akabaki yeye ndiye aliyekwisha kuwa mali ya watu. Superman amepewa daraja hiyo mara kadhaa. Mfalme Mwafrika, aliyechelewa mno kufika katika sinema za aina hii, alipewa mwili mmoja tu, na ulipokwisha akaambiwa hadithi yake imekwisha. Heshima ya namna hii ina kasoro, hata kama nia yake ilikuwa safi.

Najua huzuni haiamrishwi. Mwongozaji Ryan Coogler alikuwa amekwisha kuandika hadithi kwa ajili ya rafiki yake, na kumtaka amweke mtu mwingine katika vazi lile kabla machozi hayajakauka ingekuwa ukatili. Lakini kungoja ni jambo moja, na kufunga mlango ni jingine. Eda nayo ina siku zake. Kaka wa marehemu mwenyewe alisema hadharani kwamba nduguye angependa T'Challa aendelee kuigizwa.

Inaonekana watunzi wa filamu nao waliliona hilo. Mwishoni mwa Wakanda Forever, Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, anamtambulisha Shuri kwa mtoto mdogo huko Haiti. Anaitwa Toussaint, lakini jina lake la kwao ni T'Challa, mwana wa T'Challa. Nasi twajua maana ya kumpa mtoto jina la aliyetangulia. Ila mtoto yule, iwapo hadithi itaendelea, atakua. Siku hiyo vijana wataitwa mmoja mmoja mbele ya kamera, na kila mmoja, kabla hajavaa chochote, itambidi afungue kinywa na achague lafudhi.